Meli Ndogo za Mvuke na Majina Yaliyofutika



Juma hili tumependa kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tungekipita sokoni tukidhani ni takataka: meli ndogo ya bati iliyoshika kutu, rangi imebambuka, dohani imepinda. Ndani yake mna boila ya shaba, na chini ya boila taa ya spiriti. Maji yakichemka, mvuke huingia katika silinda, na nguvu yake huzungusha rafadha iliyo nyuma ya chombo. Katika zile za bei nafuu, silinda yenyewe huyumba huku na huku: ikielekea upande mmoja, tundu lake hukutana na mvuke unaoingia; ikielekea upande wa pili, hukutana na njia ya kuutoa. Vali haihitajiki. Huo ni ufundi wa kustaajabisha kwa kitu kilichoundwa ili mtoto acheze nacho bwawani.

Enzi ya vyombo hivi ilikuwa hasa ile miaka ya mwisho wa karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza, na makao yake makuu yalikuwa Ujerumani. Mjini Göppingen palikuwa na Märklin, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1859 na fundi bati aliyeanza kwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya nyumba za wanasesere. Mjini Nuremberg walikuwapo ndugu wawili, Ignaz na Adolf Bing, ambao kiwanda chao kilifikia kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya vichezeo duniani. (Ignaz huyohuyo ndiye aliyegundua, mwaka 1905, pango la Streitberg ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake.) Katika mji huohuo, tangu mwaka 1886, alifanya kazi Mfaransa Georges Carette.

Mtu akiipata leo meli ya namna hiyo, swali la kwanza ni hili: ni ya nani? Jina lililoandikwa ubavuni halisaidii sana, kwani viwanda viliwapakia wateja wa kila nchi majina na bendera walizozipenda. Hata jina la muuzaji laweza kupotosha. Huko Northampton, Uingereza, W. J. Bassett-Lowke aliuza vichezeo vya mvuke kwa jina lake mwenyewe, na baada ya kukutana na Bing katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, vingi kati ya hivyo vilitoka Nuremberg. Basi chombo kinachoitwa cha Kiingereza katika familia kwa vizazi vitatu chaweza kuwa kazi ya mikono ya Wajerumani.

Kwa hiyo mchunguzi hutafuta alama ndogo. Herufi GBN ni za ndugu Bing wa Nuremberg. BW ni za kampuni hiyohiyo katika miaka iliyofuata vita. Herufi DRGM zinaonyesha usajili wa ubunifu uliowekwa na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, hivyo chombo chenye herufi hizo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 nayo ilidai bidhaa za kigeni zisijifanye za Kiingereza, ndiyo maana tunasoma neno «Germany» au «Bavaria» chini ya vyombo vingi. Skrubu pia husema: zile za nyota zilienea tangu miaka ya 1930, na zikionekana katika meli inayosemwa kuwa ya 1905, fundi mwingine amepita hapo.

Nasi twaona kwamba kutafuta jina si udadisi wa wakusanyaji tu. Carette, kwa kuwa alikuwa Mfaransa nchini Ujerumani wakati wa vita, kiwanda chake kilifungwa mwaka 1917. Kampuni ya Bing ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Stephan, mwana wa Ignaz, alikimbilia Uingereza, kwa sababu ukoo wao ulikuwa wa Kiyahudi na Wanazi walikuwa wamekwisha kutwaa madaraka. Katika meli nyingine, herufi tatu zilizogandamizwa katika bati ndizo ushahidi pekee uliobaki juu ya watu hao.

Hapo ndipo ukarabati unapoweza kuwa uharibifu. Anayechukua msasa na kopo la rangi mpya huondoa kwa saa moja mambo yaliyostahimili miaka mia: mstari mwembamba wa dhahabu uliochorwa kwa mkono, mabaki ya bendera, nembo. Tena rangi za zamani zina madini ya risasi, na kitambaa kilichozungushiwa boila huenda kikawa cha asbesto. Vumbi lake halifai kuvutwa. Picha zipigwe kwanza, kisha usafi ufanywe kwa kitambaa laini na mafuta mepesi. Wakaao kandokando ya Ziwa Tanganyika wanajua mafuta yanavyohifadhi: mwezi Julai 1916 mafundi wa Kijerumani waliipaka grisi mitambo ya meli yao kabla ya kuizamisha, nayo ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Boila ndiyo sehemu ya hatari. Viungo vyake mara nyingi vimelehemiwa kwa risasi na bati, mchanganyiko unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Maji yakiisha moto ungali unawaka, viungo huachia. Isiwashwe kabla ya kujaribiwa kwa maji baridi yaliyosukumwa kwa kanieneo kubwa kuliko ile ya kazi. Maji baridi yakipata ufa huvuja tu, hali mvuke hulipuka. Boila ikishindwa jaribio hilo, wengine huweka nyingine mpya ndani ya chombo, na ile ya zamani huitunza sandukuni pamoja na karatasi yenye tarehe na jina la fundi aliyeibadilisha.