Kuharibika kwa Kanzidata

Kuharibika kwa kanzidata ni hali ya data zilizohifadhiwa kwenye kompyuta kutosomeka tena, au kusomeka huku zikipingana zenyewe kwa zenyewe. Makala hii inahusu kanzidata za uhusiano, yaani zinazopanga taarifa katika majedwali yaliyounganishwa kwa namba za utambulisho. Muundo huo uliasisiwa na Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi IBM, katika andiko lake la mwaka 1970.

Mbulu na Hanang

Mfano wa matumizi ya kanzidata hizo ni takwimu za vituo vya afya vya wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara, ambazo, kama kwingineko Tanzania, huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumia kanzidata ya PostgreSQL. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei, ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti wa MAL-ED katika nchi nane. Utafiti huo uliandikisha watoto wachanga kati ya 2009 na 2012, ukafuatilia lishe, kuhara na ukuaji wao. Uzito wa mtoto wa miezi sita ukipotea kwenye kanzidata hauwezi kupimwa upya, kwa kuwa mtoto ameshakua.

Sababu

Chanzo kikubwa ni umeme kukatika ghafla. Programu huandika data kwa kurasa: kwa kawaida kilobaiti 8 katika PostgreSQL na 16 katika InnoDB, injini ya MySQL. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukurasa hubaki nusu mpya, nusu wa zamani. PostgreSQL na InnoDB huweka logi ya miamala, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, na nakala ya ukurasa mzima, hivyo kwa kawaida hujirekebisha seva inapowashwa. MyISAM, injini ya kawaida ya MySQL hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010, haina kinga hiyo. Sababu nyingine ni diski iliyochoka, kumbukumbu mbovu ya kompyuta, na kurejesha faili zilizonakiliwa kiholela wakati seva ikiendelea kuandika.

Uchunguzi

Dalili moja hupotosha wengi: mhudumu wa mapokezi akimtafuta mgonjwa kwa namba ya faili hampati, lakini jedwali likiorodheshwa lote mgonjwa yumo. Hapo kilichoharibika mara nyingi ni faharasa, yaani orodha ya kutafutia, si taarifa yenyewe. Mhudumu akimsajili upya, mtu mmoja anakuwa na mafaili mawili, na historia ya matibabu yake inagawanyika. Dalili nyingine ni majibu ya maabara yenye namba ya mgonjwa asiyekuwepo kwenye jedwali la wagonjwa.

Kila programu ina chombo chake cha ukaguzi: MySQL ina amri ya CHECK TABLE, SQL Server ina DBCC CHECKDB, na PostgreSQL, tangu toleo la 14 la mwaka 2021, ina pg_amcheck.

Ukarabati

Hatua ya kwanza ni kusimamisha seva na kunakili faili zote, pamoja na zilizoharibika, kwenye diski nyingine. Anayeanza na amri ya kukarabati anaweza kufuta kilichokuwa bado kinaokoleka. Kisha diski yenyewe ikaguliwe, maana kukarabati data juu ya diski mbovu ni kazi bure.

Ikiwa ni faharasa tu, hujengwa upya bila kupoteza taarifa. Kurasa za data zikiharibika, hurejeshwa nakala rudufu, kisha logi ya miamala, kama imetunzwa, hufuatishwa hadi kabla ya hitilafu. Pasipo nakala, InnoDB ina ngazi sita za kulazimisha kuwaka. Huanzwa na ya kwanza na kupandishwa taratibu hadi data isomeke, kisha data huhamishiwa kanzidata mpya. Kuanzia ngazi ya nne, data zinaweza kuharibika moja kwa moja.

Mwisho, matokeo hulinganishwa na karatasi. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vinavyojazwa kwa mkono vituoni husaidia kuziba mapengo, kwa sababu kanzidata inayowaka bila hitilafu inaweza bado kuwa na upungufu.

Kinga

Betri ya akiba huipa seva muda wa kuzimwa vizuri. Nakala rudufu zitengenezwe kila siku na moja ikae mbali na jengo la seva. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliuvamia mji wa Katesh, wilayani Hanang, na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kubomoa majengo. Nakala iliyo chumba kimoja na seva haistahimili janga kama hilo. Na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa isihesabiwe kuwa nakala.