PC Imekataa Kuonyesha Kitu Baada ya Kuovakloki? Jaribu Hizi Kabla Uuziwe Madabodi Mpya

Umeingia BIOS, ukaongeza spidi ya prosesa kidogo ndio gemu zikimbie fiti, ukasevu, mashine ikajizima na kuwaka tena. Feni zinazunguka, taa ziko, lakini monita ni nyeusi ti. Kwa msee wa Karagita mwenye kasaiba ama base ya gemu kando ya South Lake Road, hiyo ni noma. Mashine moja ikilala, doh ya siku imeenda. Na kama ni wiki ya mwisho ya Juni, watu wako laini wakitaka kujaza ritani za KRA kabla tarehe 30 ipite.

Tulia kwanza. Mara nyingi hakuna kitu kimeungua. Madabodi imeandika spidi mpya kwa memori yake ya mipangilio, ile mafundi huita CMOS, na kila ikijaribu kuwaka inasoma namba zile zile ambazo prosesa ama RAM imeshindwa nazo. Futa hizo namba na mashine inarudi vile ilitoka kiwandani. Kwa hivyo usikimbilie kuipakia kwa matatu hadi Naivasha town. Anza na za bure, za pesa zikuje mwisho.

1. Giza lilianza saa ngapi?

Kama huoni hata ile logo ya kwanza, shida iko kwa mipangilio ya BIOS. Kama logo inakuja, Windows inaanza, halafu ndio giza, shuku kadi ya picha uliyosukuma na programu kama MSI Afterburner. Hiyo programu hufanya kazi ndani ya Windows, kwa hivyo kufuta CMOS hakutasaidia. Kwa Windows 10 na 11, zima mashine na batani mara tatu mfululizo ikiwa Windows inaanza. Ikiwaka tena itakuletea menyu ya kujirekebisha. Ingia Safe Mode, toa hiyo programu, anzisha upya.

2. Waya umechomekwa wapi?

Usicheke, hii imewahi kula watu pesa. Kama kompyuta ina kadi ya picha, waya wa monita unaingia kwa kadi, si kwa madabodi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-10400F, hazina picha zake zenyewe. Ryzen nyingi za zamani, kama Ryzen 5 3600, pia hazina. Ukichomeka kwa madabodi utangoja mpaka jioni. Hakikisha pia monita yenyewe iko kwa HDMI ama VGA unayotumia.

3. Ipe muda

Bodi nyingi za kisasa zikishindwa hujaribu mara kadhaa, zikajizima na kuwaka, halafu zinarudi kwa spidi ya kawaida zenyewe. RAM za DDR5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa zikijipima baada ya kubadilishwa mipangilio. Iache kama dakika 10 bila kuguza.

4. Futa CMOS

Hii ndiyo dawa yenyewe. Zima, chomoa waya wa stima ukutani, halafu finya batani ya kuwasha kwa sekunde 30 ndio umeme uliobaki uishe. Fungua kasha, guza chuma chake ndio umeme wa mwilini utoke. Tafuta betri ya mviringo kama shilingi, imeandikwa CR2032. Itoe, ngoja dakika 10, irudishe upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kama betri ni ya miaka mingi, weka mpya. Ni ya volti 3 na bei yake ni ndogo.

Bodi zingine zina pini mbili ama tatu zimeandikwa CLR_CMOS, CLRTC ama JBAT1. Unagusanisha pini mbili, ama unahamisha jampa, kwa sekunde 10 hivi, mashine ikiwa haina stima kabisa. HP nyingi za ofisi zina kabatani ka njano kameandikwa CMOS.

5. RAM moja moja

Bado giza? Toa RAM zote, bakisha moja. Kwa bodi ya nafasi nne, weka kwa nafasi ya pili kutoka kwa prosesa. Vumbi ya mtaani huingia kila mahali, kwa hivyo sugua yale meno ya dhahabu polepole na raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka ishike. Jaribu kila RAM peke yake. Kama ulikuwa umewasha XMP ama EXPO, hiyo pia ni kuovakloki.

6. Soma taa na mlio

Bodi nyingi zina taa ndogo nne: CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ile inabaki imewaka ndiyo inakuonyesha mahali imekwama. Zingine hulia, hesabu milio na ulinganishe na kitabu cha hiyo bodi.

7. Sasa ndio uazime

Azima pawa saplai, kadi ya picha na RAM za mashine nyingine inayofanya kazi, ubadilishe moja kwa wakati. Pawa saplai yenyewe usiifungue, ndani hubaki umeme hata ukichomoa. Kama zote zimekataa, hapo fundi akisema madabodi ama prosesa imekufa, mwamini.

Ikirudi

Rekebisha saa na tarehe. Tarehe ikirudi nyuma miaka, brauza itakataa kufungua eCitizen na iTax ikidai tovuti si salama. Windows ikikataa kuingia, usikubali kuformati haraka. Rudi BIOS uangalie kama diski iliwekwa AHCI ama RAID, na kama iko UEFI ama Legacy, kama ilivyokuwa. Faili zako ziko.

Kabla urudie, jua uko na mashine gani. Zile Dell OptiPlex na HP za ofisi zinazokuja kutoka Uingereza zikiwa zimetumika kwa kawaida BIOS yao haikubali kuovakloki. Ikizima skrini, tafuta RAM ama pawa saplai. Intel za kuovakloki huwa na herufi K, na zinataka bodi ya aina ya Z; Ryzen karibu zote ziko wazi. Ongeza MHz 50 ama 100 pekee, jaribu saa nzima, halafu ongeza tena. Volti usiguze kama hujui.

Na kumbuka Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, kwa hivyo feni hiyo hiyo inaondoa joto pungufu kuliko vile ungedhani. Spidi imewekwa na msee wa ng'ambo kwa video inaweza kukulaza hapa. Panda polepole, na namba za zamani ziandike kwa karatasi.