Nani Alimlisha Manamba?

Kipande cha mkata mkonge kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Siku uliyougua ilibaki tupu, na mshahara haukutoka mpaka zote zijae. Babu yangu, Muha wa Kasulu, alivijaza vipande hivyo Muheza miaka ya 1950. Hadi uzeeni alihesabu muda kwa vipande: homa fulani, alisema, ilimla nusu kipande.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na kwayo yakaanza mashamba ya Tanga. Wenyeji wenye minazi na mihogo yao hawakuona sababu ya kuchomwa miiba kwa senti za Mzungu. Basi wakatafutwa watu wa mbali, Buha, Ungoni, Ubena, ambako kodi ilidaiwa kwa fedha na fedha haikuwepo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo chao cha kuwasomba vibarua hao wa mbali, walioitwa manamba.

Mshahara ule ulitosha posho ya mwanamume mmoja, tena mzima. Nani alimlea mpaka akawa na nguvu za kukata? Nani angemtunza akichakaa? Claude Meillassoux, mwanaanthropolojia wa Kimarx aliyewatafiti Waguro wa Kodivaa, alilijibu swali hilo katika kitabu chake cha 1975: utoto, ugonjwa na uzee wa kibarua hugharimiwa na jembe la kijijini. Ndiyo maana ubepari haukukiua kijiji. Ulikiacha nusu hai, ukiendelea kukikamua. Nasi Dar es Salaam tulikuwa na wasomi Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, waliowaandika manamba wa Tanganyika. Kitabu chao kilitoka 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kuuawa Guyana.

Hoja hiyo ya Meillassoux namwona bibi ndani yake. Babu alirudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Kikohozi hicho bibi ndiye aliyekiuguza, kwa mihogo na maharage ya shamba lake. Mwenye mkonge hakukilipia hata senti.

Ila Meillassoux namdai kitu, na wasomi wanawake walimdai mapema kuliko mimi. Kwake wanawake ni watu wa kuozwa na kugawanywa na wazee, basi. Bibi yangu, mume akiwa Muheza, alipika pombe ya ndizi, akauza, akanunua mbuzi, na mume aliporudi mbuzi wale hawakubadili mwenyewe. Ukoo mzima ulinung'unika. Yeye akaendelea kupika.

Mashamba yalitunza hesabu za singa za mkonge kwa tani, na hesabu hizo zipo mpaka leo. Za mihogo ya Kasulu hakuna aliyeziandika. Kama kwenu bado yupo bibi aliyebaki nyumbani miaka ile, muulize alilima nini na alimuuzia nani, uandike.