Wahitimu Waliofungua Njia: Historia Fupi ya African American Students Foundation

African American Students Foundation ulikuwa mfuko wa hisani ulioundwa Marekani mwaka 1959 ili kuwapatia vijana wa Afrika Mashariki na ya Kati nauli na msaada wa kusoma katika vyuo vya nchi hiyo. Waasisi wake wakuu walikuwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, na William Scheinman, mfanyabiashara wa Marekani. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo, wengi wao Wakenya, pamoja na wenzao wa Tanganyika, Uganda na Rhodesia.

Haja ya mfuko huo ilitokana na uhaba wa nafasi. Katika miaka ya 1950 Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ndicho chuo pekee Afrika Mashariki ambako mwanafunzi angeweza kusomea shahada, nayo ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 tu. Kijana aliweza kufaulu vizuri mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari na bado akakosa pa kwenda. Fedha za kusomea Uingereza zilitolewa kwa wachache, na maofisa wa kikoloni walizidharau shahada za Marekani. Wakati huohuo uhuru ulikuwa unanukia, na nchi ilihitaji madaktari, wahandisi, walimu na watawala wake yenyewe.

Njia ya kwenda Marekani ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wachache. Mbiyu Koinange alisoma Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi Kenya mwaka 1938 hakujitafutia makuu, bali mwaka uliofuata alifungua chuo cha walimu Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Baadaye Julius Gikonyo Kiano, aliyepitia Antioch na Stanford, alipata shahada ya uzamivu Berkeley mwaka 1956, Mkenya wa kwanza kufikia kiwango hicho. Kariuki Njiiri alisoma Lincoln University, Pennsylvania. Kiano na Njiiri ndio waliomsaidia Mboya kuwachagua waombaji na kuwatafutia vyuo. Hawakuwa matajiri. Walichotoa ni ujuzi wa mtu aliyefika: ni chuo gani kingempokea Mwafrika, barua iandikwe vipi na kwa nani, mgeni ajiandae na nini. Kwa kijana wa kijijini asiye na jamaa ng'ambo, msaada huo ulikuwa na thamani sawa na karo.

Mboya alizuru Marekani mwaka 1956, na tangu hapo yeye na Scheinman wakawa wanawasaidia wanafunzi mmojammoja. Katika ziara ya mwaka 1959 alihutubia vyuo vingi na kurudi na ahadi za nafasi za masomo kwa makumi ya vijana. Vyuo vilikubali kusamehe karo, na vingine vikaongeza malazi na chakula. Kilichobaki ni nauli, nayo ilikuwa nje ya uwezo wa familia nyingi. Mfuko ukaamua kukodi ndege nzima badala ya kukata tiketi mojamoja. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango, na maelfu ya Wamarekani wakaitikia. Huku nyumbani, wazazi waliuza mifugo na vijiji vikaandaa karamu za chai ili msafiri apate fedha za nguo na matumizi. Ndege ya kwanza ilitua New York Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81.

Mwaka 1960 waombaji waliongezeka kupita uwezo wa mfuko, na serikali ya Marekani ilikataa kugharamia safari. Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port mwezi Julai, na taasisi ya hisani ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Ndege za mwaka huo ziliwachukua wanafunzi zaidi ya 200.

Miongoni mwao alikuwemo Wangari Maathai, msichana wa Nyeri aliyekuwa amemaliza masomo Loreto, Limuru. Kutoka New York alipanda basi pamoja na mwenzake hadi Atchison, Kansas. Waliposimama Indiana kununua vinywaji, mkahawa ulikataa kuwaruhusu kukaa ndani kwa sababu ya rangi yao, wakarudi ndani ya basi. Chuoni Mount St. Scholastica, kilichoendeshwa na masista Wabenedikto, mambo yalikuwa tofauti: alipewa makao, walimu na maabara, akahitimu biolojia mwaka 1964. Alipata shahada ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, harakati ya upandaji miti iliyowalipa wanawake wa vijijini kwa kila mche uliostawi, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Wengine walirudi kushika kazi ambazo Waafrika hawakuwahi kupewa. Perez Olindo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza hifadhi za taifa za Kenya. Barack Obama, babake Rais wa 44 wa Marekani, hakuwemo katika ndege ya mwaka 1959, ila mfuko ulimsaidia kifedha alipokuwa akisoma Hawaii.

Safari hizo zilikoma mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru. Mboya aliuawa Julai 1969, lakini mfano wake haukufa. Mkewe, Pamela Odede, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwaka 1959 na alisoma Western College, Ohio. Mwaka 2002 binti yao, Susan Mboya, alianzisha Zawadi Africa Education Fund, unaowapatia ufadhili wa chuo kikuu wasichana wenye vipaji kutoka familia zisizojiweza. Mfuko huo pia huwalea katika uongozi na kuwahimiza kuzitumikia jamii zao, kama walivyofanya Koinange, Kiano na Njiiri kabla yao.