Waliojenga Shule za Navakholo

Msomaji kijana, yamkini shule unayosoma ina kuta za mawe na paa la mabati, nawe wadhani imekuwa hivyo tangu mwanzo. Yafaa ujue ya kwamba shule za kwanza za vijijini katika upande wa Navakholo na jirani zake zilikuwa nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa nyasi, na waliozijenga walikuwa wazazi wenyewe.

Navakholo iko kaskazini-magharibi ya mji wa Kakamega. Ni nchi ya Abanyala wa Ndombi, watu wajulikanao kwa jina la chifu wao wa zamani, na mto Nzoia wapita upande wake wa kaskazini ukielekea Ziwa Viktoria. Mvua ya Kakamega ni nyingi, hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi huja na radi na mawe. Mkulima huifurahia mvua hiyo. Mjenzi wa nyumba ya udongo haifurahii hata kidogo.

Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Mapadre wa Mill Hill walifika Mumias mwaka wa 1904. Na shule ya Maseno ilianzishwa mwaka wa 1906. Vituo hivyo vilikuwa mbali, na shule ndogo za vijijini ziliachiwa wanakijiji. Wanaume walikata nguzo, wanawake walibeba maji na kukanda udongo, watoto walileta nyasi. Wala kazi hiyo haikuwa ya mara moja. Mchwa walizila nguzo, nyasi zilioza, mvua ilizilamba kuta, na baada ya misimu michache watu walirudi kuanza upya. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau: udhaifu wa nyumba ndio uliomleta mzazi shuleni. Alimjua mwalimu, aliliona dawati la mwanawe, na alijua ni wapi maji ya kunywa yalikotekwa. Sisemi ya kwamba nyumba ile ilikuwa njema, kwani ilivuja, na funza waliishi katika vumbi la sakafu.

Katika mwaka wa 1923, kule Kavirondo, kasisi W. E. Owen alisaidia kuundwa kwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Panya hawakuwa mzaha siku zile, kwa maana tauni ilikuwa ikiua watu. Hata hivyo wako waliosema, nami naona hawakukosea sana, ya kwamba chama kile kiliwageuza watu waliokuwa wakidai haki zao za ardhi na kodi, kikawapa majembe ya kuchimbia vyoo. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1925, shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Huko walimu walifika pamoja na wake zao, wakafundishwa namna ya kusimamia shule za vijijini, bustani, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Walitazamiwa kurudi kwao na kuifanya shule kuwa kielelezo cha kijiji kizima.

Lakini jihadhari, msomaji, usidhani kila mtu aliipenda kazi ya mikono. Mwaka wa 1908 wanafunzi wa Maseno waligoma kwa sababu ya kazi hiyo. Walitaka kusoma na kuandika, kwani waliona ya kwamba kulima na kubeba hakukuhitaji shule. Mzazi aliyejitolea kuezeka darasa la mwanawe, na mtoto aliyeamriwa kulima shamba la mwingine, ni watu wawili tofauti, ijapokuwa jembe ni lile lile.

Wananchi walitoa na fedha pia. Baraza la Wenyeji la North Kavirondo lilitoza ushuru, na kwa sehemu ya fedha zile serikali ilifungua shule yake ya Kakamega mwaka wa 1932. Baada ya uhuru, mwaka wa 1963, mwito wa Harambee ulieneza desturi hiyo nchi nzima, na shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa michango ya kuku, mahindi na shilingi.

Harambee ilileta matofali ya kuchoma na mabati. Paa la mabati lilikuwa baraka ya pekee, kwa kuwa mvua ile ile iliyobomoa kuta sasa yaweza kukingwa kwa mifereji na kuwekwa katika tangi, maji safi yakapatikana uwanjani. Lakini matofali yalihitaji kuni, na tanuri moja hula miti mingi. Ndipo mikaratusi ikapandwa kandokando ya viwanja, mti ukuao upesi na unywao maji mengi. Baada ya Kampuni ya Sukari ya Mumias kuanzishwa mwaka wa 1971, miwa ilienea katika nchi hizi na kuchukua nafasi ya mahindi na malisho.

Nyumba za matofali hazikuhitaji wazazi kurudi kila msimu. Wakati huo huo serikali ilijitwalia mzigo: Sheria ya Elimu ya 1968 ilitia shule mikononi mwa serikali, na mwaka wa 1974 ada ziliondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka kama milioni 1.8 mwaka wa 1973 hadi milioni 2.7 mwaka uliofuata. Wazazi walitozwa mchango wa majengo badala ya ada. Mwaka wa 2003 ada zilifutwa tena, safari hii katika madarasa yote manane. Wengi walielewa ya kwamba shule sasa ni ya serikali, na choo chake ni cha serikali vile vile.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliwarudishia wazazi nafasi katika bodi ya usimamizi na chama cha wazazi. Bodi hukutana mara chache kwa mwaka; choo hutumiwa kila siku. Kanuni ya wizara ni tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 30. Hesabu ya shule yako waweza kuifanya mwenyewe kabla kengele haijalia.