Lango la Zizi na Mwanga Utembeao

Mfugaji wa Ngara au wa Biharamulo ajua ya kwamba zizi lina nguvu kadiri ya lango lake. Ua waweza kusimama miaka, bali langoni hukokotwa matawi ya miiba kila jioni, na uvivu wa usiku mmoja hutosha kuleta msiba. Nasi tu jirani wa wanyama wakali: mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za mtoto mmoja wa Kenya aliyelipatia zizi mlinzi asiyelala.

Huyo ni Richard Turere, Mmasai wa Kitengela. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini, ili wanyama wapate kwenda malishoni na kurudi. Punda milia wakitoka, simba huwafuata, na simba akikuta zizi njiani haulizi ni la nani. Richard alikuwa na wajibu wa kutunza ng'ombe wa baba yake tangu umri wa miaka 9. Asubuhi moja akamkuta fahali wao wa pekee ameuawa.

Kwanza aliwasha moto. Kumbe mwanga ule uliwasaidia simba kuona ng'ombe waliomo! Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakarudi walikotoka. Siku ya pili wakatambua ya kuwa mtu yule hajongei, wakaruka ndani, wakaua. Hata usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi mkononi, simba hawakuja. Hapo akafahamu kwamba simba huogopa mwanga utembeao.

Ikabaki kazi ya kuufanya mwanga utembee, naye mwenyewe alale. Hakuna aliyemfundisha umeme. Alijifunza kwa kufungua vyombo, hata redio mpya ya mama yake (mama hakufurahi). Alipokuwa na miaka 11 alitwaa betri kuukuu ya gari, akaitia nguvu kwa paneli ya sola, akaiunga na kile kisanduku cha pikipiki kiwashacho na kuzima taa za kona, pamoja na swichi na balbu za tochi mbovu. Balbu akazielekeza nje ya zizi. Zikawa zikiwaka na kuzimika, na simba aliye gizani akadhani mlinzi yu macho, azunguka. Bibi mmoja jirani, aliyekwisha kupoteza wanyama wengi, akaomba afungiwe taa hizo, na wengine wakafuata.

Kazi hiyo haikuwa mchezo wa mtoto. Mwezi wa Juni 2012, huko huko Kitengela, watu walioliwa mbuzi na kondoo waliwaua simba sita kwa mikuki. Sisi hatuwalaumu upesi, maana mwenye kulala njaa ni mwenye mifugo. Mwaka 2013 Richard aliitwa California kusimulia habari zake katika mkutano wa TED. Mwaka 2018 Francis Lesilau na wenzake wakachapisha uchunguzi wao uliofanywa kando ya hifadhi ile, wakaonyesha kwamba taa za namna hiyo hupunguza mashambulio ya usiku mazizini. Mchana malishoni, taa hazina kazi. Huko mchungaji ajilinde kwa macho yake.