Kinywaji cha mgeni: toka mutobe hadi chai ya marakuja

Hapa kwetu Masisi mgeni hapokewi kwa maneno matupu. Kabla ya kuulizwa habari za safari, anapewa kitu cha kunywa. Upande wa Bihambwe, kwenye milima ya malisho, mara nyingi ni maziwa. Kule mabondeni penye migomba, yalikuwa maji ya ndizi. Leo katika sikukuu za ubatizo na ndoa tunaona kinywaji kingine: chai iliyopozwa, yenye matunda na maua. Wengine wanasema ni mambo ya mjini tu. Tukichunguza, tutaona kwamba vitu vyake vilitoka mbali, lakini kazi yake ni ya zamani kwetu.

Tuanze na mutobe. Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Zinafukiwa ndani ya shimo lililopashwa moto, zinafunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, na kukaa humo siku 3 hadi 5. Zikiiva, zinamenywa na kukandwa pamoja na nyasi ndani ya muvure, yaani chombo kirefu cha mbao, hadi maji yatoke. Yakinywewa siku ile ile, ni mutobe. Yakitiwa unga wa mtama na kuachwa siku chache, yanakuwa kasiksi. Basi muvure mmoja ulitosha nyumba nzima: wazee na kasiksi yao, na watoto, akina mama wanaonyonyesha na waamini wasiokunywa pombe na mutobe wao.

Desturi hiyo ilipata mapigo mawili. La kwanza ni vita vya mwaka 1993 na vile vilivyofuata, vilivyotoa watu mashambani. La pili ni kirabiranya, ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Katika Kongo, Masisi ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuupata, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wadudu wanaubeba toka ua hadi ua, nasi wenyewe tunaubeba kwa panga. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zimeoza, hazikamuliki. Na ndizi za pombe ndizo zilizoumia zaidi. Mashamba yalipokauka, muvure nyingi zilibaki kavu.

Ndipo chai ikachukua nafasi. Neno lenyewe linatuonyesha njia yake. Wabelgiji walipanda majani haya Kivu na kuyaita «thé», lakini sisi tunasema «chai», neno lililotoka Uchina, likapitia Uajemi na India, likatufikia pamoja na Kiswahili kutoka pwani. Marakuja nayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina ni la Watupi wa Brazili, likachukuliwa na Wareno. Inapenda baridi ya milima, ndiyo maana haikuona ugeni kwetu. Ngai-ngai tunaijua kama mboga, lakini aina yenye vikombe vyekundu vya maua inatoa kinywaji ambacho Wasenegali wanakiita bissap na Wasudani karkade.

Namna ya kuitengeneza si ngumu. Chemsha maji lita 1, uyaondoe motoni. Tia vijiko vidogo 2 vya majani ya chai, konzi moja ya maua makavu ya ngai-ngai, na mchaichai kidogo. Subiri dakika 5 tu, kisha chuja kwa kitambaa safi, maana chai ikikaa sana inakuwa chungu. Tia sukari ingali moto. Ikipoa kabisa, ongeza maji ya marakuja 5 au 6. Ukizichemsha, harufu yake nzuri inapotea. Maua na majani ya marakuja usiyatie. Asiye na frigo aweke kinywaji ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa, nje usiku. Baridi yetu ya milimani inatosha. Na tusitie barafu ya maji yasiyochemshwa, kwa sababu kipindupindu kinatujia kwa njia hiyo.

Je, chai hii imefuta mutobe? Hapana. Imeshika mlango tu wakati mwenye nyumba hayupo. Migomba inaweza kurudi, tukikata ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, tukichoma panga motoni kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine, na kung'oa iliyougua. Lakini ujuzi wa shimo na muvure uko mikononi mwa wazee, na wazee wanapungua. Tuwaombe vijana wanaojua kupima sukari ya chai waende pia kuwauliza wazee hao shimo linapashwa moto kiasi gani, kungali mapema.